Bei ya Chupa Tupu: Historia ya Kioo katika Mwambao wa Majita

Kabla ya kuwa taka, kioo katika mwambao wa Majita kilikuwa fedha. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi ilibeba shanga hadi kandokando ya Ziwa Viktoria, na kwa shanga hizo watu walinunua chakula, walilipa wapagazi na kuwaridhisha watemi waliotoza hongo njiani. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana katika biashara hiyo zilifika kama 400. Mfanyabiashara aliyefika mahali na rangi isiyotakiwa alikuwa amejitesa bure kubeba mzigo. Samisami nyekundu zilipendwa karibu kila mahali, na nyingi kati ya shanga za wakati huo zilitengenezwa Venice, kule Italia. Wakerewe, walio ng'ambo ya maji kwa mtu aliyesimama Majita, walianza mapema katika karne hiyo kusafiri kuelekea Unyamwezi na pembe za ndovu, wakirudi na shanga, nguo na waya wa shaba. Kioo cha kwanza kuenea katika visiwa na rasi hizi kilihifadhiwa kwa makini. Uzi ukikatika, shanga ziliokotwa moja moja na kutungwa upya. Leo vipande vya chupa vimelala mchangani hapohapo na hakuna anayeinama kuviokota, isipokuwa vimemchoma mguu. Mabadiliko hayo hayakuletwa na tabia mbaya ya watu, wala na ukosefu wa mitambo. Historia inaonyesha kwamba kioo kilirudi kutumika kila mara palipokuwa na mtu aliyelipwa kukirudisha, na kwamba kilianza kutupwa siku chupa tupu ilipopoteza bei. Anayetaka kurejeleza kioo katika visiwa vya ziwa hana budi kuanza na bei hiyo, kisha ndipo afikirie tanuru.

Murangi, kijiji kimojawapo cha mwambao huu, si kisiwa. Kipo Musoma Vijijini, mkoani Mara, upande wa Majita, katika ukanda unaohudumiwa na barabara ya kutoka Musoma kwenda Makojo na Busekera. Lakini kwa habari ya mizigo, sehemu kubwa ya mwambao huu imeishi maisha ya kisiwa. Rasi imezungukwa na maji pande nyingi, barabara zake za vumbi na matope kwa miaka mingi zilifanya mtumbwi kuwa chombo cha uhakika kuliko gari, na mbele yake kuna visiwa vyenyewe: Rukuba katika wilaya hiyohiyo, Nafuba upande wa Bunda, na Irugwa, Ukara na Ukerewe katika mkoa jirani wa Mwanza. Hata leo anayetoka Bunda kwenda Ukerewe hufika Kisorya, kisha huvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Mahali pa namna hii kila bidhaa hulipiwa nauli mara mbili, ya nchi kavu na ya majini, na bidhaa nzito yenye thamani ndogo ndiyo huumia kuliko zote. Kioo ni kizito, huvunjika, na kikivunjika thamani yake huanguka karibu na sifuri. Ndiyo maana visiwa huonyesha wazi tatizo ambalo miji hulificha katika madampo yake.

Je, watu wa ziwa hawakuwahi kuyeyusha kioo kwa sababu hawakuujua moto? Ushahidi unakataa. Upande wa magharibi wa ziwa, katika nchi ya Wahaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walionyesha mwaka 1978 kwamba wahunzi wa huko, yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, walikuwa na matanuru ya kuyeyushia chuma yaliyofikia joto kubwa mno, zaidi ya nyuzi 1,300 za Selsiasi. Katika Mara yenyewe palikuwa na koo za wahunzi zilizoitwa Abaturi, zenye mivukuto, makaa na miiko yao. Joto la kulainisha kioo lilikuwa ndani ya uwezo wa watu hawa. Kwingineko Afrika walioujua moto wa aina hiyo waliutumia kwa kioo. Katika makazi ya K2, karibu na mto Limpopo, kati ya karne ya 11 na 13 mafundi walichukua shanga ndogo zilizokuja kwa meli kutoka Asia, wakaziyeyusha katika kalibu za udongo na kutengeneza shanga kubwa za umbo walilolitaka wao. Huko Bida nchini Nigeria, mafundi wa Kinupe waitwao Masaga waliyeyusha chupa katika tanuru la udongo na kuzigeuza kuwa bangili na shanga. Mwanaanthropolojia Siegfried Nadel aliwaeleza katika kitabu chake cha 1942. Nchini Ghana, Wakrobo hadi leo hutwanga chupa kuwa unga, huutia katika kalibu za udongo, husimamisha kijiti cha jani la muhogo katikati ya kila shimo ili kiungue na kuacha tundu la uzi, kisha huzioka.

Tofauti kati ya Bida na Majita, basi, haikuwa ya maarifa ya moto. Bida ulikuwa mji mkuu wa emirati, wenye makasri na wateja wa mapambo, na chupa tupu zilizofika kwa njia ya Mto Niger zilikuwa nyingi kiasi cha kulisha tanuru mchana na usiku. Majita shanga zilifika zikiwa tayari, hazikuvunjika kirahisi, na hazikuwa na sababu ya kugeuzwa kitu kingine. Palikosekana malighafi iliyoharibika kwa wingi na mnunuzi wa kazi ya fundi, kwa hiyo hapakuzuka ufundi. Mipango mingi ya siku hizi huanza na picha ya tanuru, kana kwamba tanuru likijengwa chupa zitakuja zenyewe na wanunuzi watafuata. Historia ya Afrika inasema kinyume: lundo la chupa na mnunuzi vilitangulia, tanuru likafuata.

Chupa zilikuja na reli. Reli ya Uganda ilifika kwenye ziwa mahali panapoitwa Kisumu leo mwaka 1901, na katika miaka michache meli za Waingereza zilikuwa zikizunguka bandari za ziwa, Musoma, ambako Wajerumani walikuwa na boma, ikiwa mojawapo. Mwaka 1928 reli nyingine ilifika Mwanza. Kwa njia hizo yalikuja mafuta ya taa, chemli, dawa, mvinyo wa wamisionari na bia ya maofisa. Chupa ilipofika kijijini iliingia katika nafasi ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe, yaani kibuyu. Kibuyu kilibeba maziwa, mafuta, dawa na pombe. Kikipata ufa kilishonwa kwa nyuzi, na kilipochakaa kabisa kilioza kikawa udongo. Chupa ilikuwa na faida zake: haikunywa harufu ya kilichomo, ilionyesha kiasi kilichobaki, na ilizibwa kwa gunzi la hindi isivujishe. Kwa hiyo ilitunzwa kama kibuyu kilivyotunzwa. Mgonjwa aliyekwenda zahanati alibeba chupa yake ili atiliwe dawa ya maji. Madukani mafuta ya taa na mafuta ya kula yalipimwa kwa chupa, nusu chupa au robo, na chupa ya soda ikawa kipimo ambacho muuzaji na mnunuzi wote walikiamini. Kijiji kizima kilikuwa kikirejeleza kioo, na hakuna aliyehitaji jina la kazi hiyo.

Ziwani nako kioo kilikuwa chombo cha kazi. Uvuvi wa dagaa wa usiku uliokua kuanzia miaka ya 1960 ulitegemea karabai: taa za mafuta zinazopigwa pampu, zikielea juu ya maji kuvuta samaki, kila moja na kioo chake kinachozunguka utambi. Kioo hicho kilikuwa gharama ya kudumu. Tone la maji baridi likirukia kioo chenye moto, kinapasuka, na usiku wa kazi unapungua taa moja. Hakuna fundi wa ziwani aliyeweza kuunga kioo cha karabai, kwa sababu kioo chembamba kilichopasuka kwa joto hakiungiki. Vipande vilitupwa majini au mchangani palepale. Hapa ndipo tunapoona mpaka wa utaratibu wa zamani. Chupa nzima ilikuwa na kazi kumi. Kioo kilichovunjika hakikuwa na hata moja. Taa za sola zilipoanza kuchukua nafasi ya karabai katika mialo mingi miaka ya 2010, chanzo kimoja cha vipande kilipungua, na kupungua huko kuliletwa zaidi na bei ya mafuta kuliko kampeni ya mazingira.

Mfumo mkubwa zaidi wa kurejesha kioo ulikuja na bia na soda za kiwandani. Kampuni ya Kenya Breweries, iliyoanza mwaka 1922, ilinunua Tanganyika Breweries mwaka 1935 na mwaka uliofuata ikajiita East African Breweries. Kwa muda mrefu wa ukoloni sheria iliwazuia Waafrika kununua pombe ya Kizungu kwa uhuru, lakini baada ya Vita Kuu ya Pili vizuizi vililegea na chupa zikaanza kufika mbali na miji. Kwa kampuni, chupa ilikuwa mali yake. Mnywaji aliazimwa tu. Kila kreti ilikuwa na bei mbili, ya kinywaji na ya chupa, na aliyetaka kreti jipya bila kurudisha tupu alilipa zote mbili. Utaratibu huo ulifanya kazi kwa sababu ulikubaliana na hesabu ya usafiri. Gari au boti lililoleta kreti zilizojaa lingerudi tupu kwa vyovyote vile. Nafasi ya kurudia ilikuwa karibu bure. Mwenye duka wa kisiwani alihesabu chupa tupu zake kama sehemu ya mtaji, na mtoto aliyeokota chupa ufukweni alijua dirisha la kuipeleka. Chupa moja ilizunguka kati ya kiwanda na mwalo mara nyingi kabla ya kuvunjika, na hapakuwa na ofisi ya mazingira iliyosimamia mzunguko huo.

Miaka ya dhiki iliufanya mfumo huu kuwa mkali zaidi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika nchini kote, na Kampuni za Biashara za Mikoa, RTC, zilizogawa bidhaa, hazikuwa na cha kugawa. Katika miaka hiyo mtu asiye na chupa tupu hakununua bia wala soda, hata angekuwa na pesa mkononi. Chupa iligeuka kibali. Hapa msomaji ana haki ya kupinga: mnachosifu ni umaskini. Watu walirudisha chupa kwa sababu hawakuwa na hiari, na hakuna anayetaka kurudi kwenye foleni za 1983. Pingamizi hilo lina uzito kwa miaka ya uhaba, ila halielezi kilichofuata. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na hata baada ya 1993 serikali, iliyokuwa imechukua hisa za viwanda vya bia mwaka 1967, ilipoingia ubia na South African Breweries, soko lilijaa vinywaji na bado kreti za chupa tupu ziliendelea kurudi. Hakuna tena aliyelazimishwa na uhaba. Kilichobaki kikiwasukuma watu ni pesa ya chupa. Uhaba uliwafundisha watu kuitunza, lakini bei ndiyo iliyoendeleza tabia hiyo bidhaa zilipokuwa si adimu tena kama zamani.

Mfumo ulianza kupasuka mahali ambapo chupa ilitengenezwa ili isirudi. Sangara, aliyepandikizwa katika ziwa katikati ya karne ya 20, aliyageuza maisha ya mwambao miaka ya 1990: viwanda vya minofu vilijengwa Musoma na Mwanza, makambi ya wavuvi yakajaa visiwani, na pesa taslimu ikalala ufukweni kila asubuhi. Penye pesa ya namna hiyo kinywaji hufuata. Pamoja na bia za chupa za kurudishwa zilikuja pombe kali katika chupa ndogo, mvinyo, vinywaji vya kuongeza nguvu, siki, sosi na dawa, zote katika vyombo ambavyo hakuna kiwanda kinachovidai. Vilikuwapo pia viroba vya plastiki, hadi serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Ilikuwa hatua nzuri kwa vijana na kwa mazingira, lakini pombe hiyo ilihamia katika vichupa vidogo vya plastiki na vya kioo, na vichupa vya kioo havikupewa njia ya kurudi. Wakati huohuo soda, iliyokuwa nguzo ya mfumo wa kreti, ilizidi kuuzwa katika chupa za plastiki. Kila kreti la kioo lililoacha kwenda kisiwani lilipunguza idadi ya safari za kurudisha, na safari zilipopungua, hata chupa zenye bei zilianza kukosa usafiri.

Gharama ya mabadiliko haya ilihama kutoka kiwandani kwenda kijijini, na mwili ndio unaoilipa. Mvuvi huvuta nyavu miguu mitupu ndani ya maji ya magoti. Dagaa wengi bado huanikwa juu ya mchanga, mahali ambapo kipande kidogo cha kioo hakionekani mpaka kimeingia katika gunia. Ziwa lenyewe husogeza mpaka wake: lilipanda sana kati ya 1961 na 1964, na mwaka 2020 lilipanda tena hadi kukaribia kimo hicho na kumeza mialo mingi. Lundo la vipande lililokuwa nyuma ya kambi likawa chini ya maji, na maji yaliporudi liliachwa limetawanyika. Plastiki iliyotupwa huelea na kuonekana, hivyo hulalamikiwa. Kioo huzama kikanyamaza, na kwa kuwa hakiozi, kila kizazi kinakirithi kama kilivyo.

Kisiwa cha Curaçao katika bahari ya Karibi kinasaidia kuona tatizo hili kwa mbali. Alfred Heineken, mwenye kampuni ya bia ya Uholanzi, alikitembelea mwaka 1960 akaona mambo mawili: fukwe zilizojaa chupa za bia yake, na watu wasio na vifaa vya bei nafuu vya kujengea. Uholanzi chupa hizo zilirudishwa na kujazwa mara nyingi. Curaçao zilikuwa mbali mno na kiwanda kurudishwa. Alimwomba msanifu majengo John Habraken abuni chupa ya pembe nne inayoweza kutumika kama tofali ikishamalizwa, na mwaka 1963 chupa hizo, zilizoitwa WOBO, zilitengenezwa kwa majaribio. Mpango haukuendelea zaidi ya jengo dogo kwenye shamba la Heineken mwenyewe. Ubunifu ulikuwa wa kupendeza, lakini kampuni haikuwa tayari kuweka bia yake sokoni katika chupa hiyo. Wazo lililotoka kwa mtengenezaji bila bei kwa mtu wa ufukweni lilibaki kuwa kitu cha maonyesho.

Wapo watakaosema kwamba Afrika Mashariki imeshatoa jibu bora zaidi. Nani Croze alianzisha Kitengela Glass nje kidogo ya Nairobi kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, na karakana zake zimegeuza vioo vya madirisha na chupa chakavu kuwa glasi, shanga na vioo vya rangi. Jijini Arusha karakana ya Shanga hupuliza kioo kutoka chupa zilizotupwa na kuwaajiri watu wenye ulemavu. Unguja, Chako hukata chupa za hoteli na kuzifanya taa na vyombo vya meza. Kwa nini Murangi isifanye hivyo? Hoja ni nzuri, na mafanikio ya karakana hizi ni ya kweli. Tatizo ni kwamba zote tatu ziko karibu na mtalii. Mnunuzi wake analipa kwa ajili ya mkono wa fundi na hadithi ya chupa, na analipa pale ambapo ndege na hoteli zimemfikisha. Musoma ipo karibu na Serengeti kwenye ramani, lakini wageni wengi wa mbuga hawapiti Majita, sembuse Rukuba.

Kuna pia suala la moto wenyewe. Malighafi ya kioo cha chupa, yaani mchanga, magadi na chokaa, huyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 1,500. Vipande vya chupa huyeyuka kwa joto la chini zaidi, ndiyo maana viwanda huvipenda: kwa kila asilimia 10 ya vipande inayoongezwa katika mchanganyiko, nishati hupungua kwa takribani asilimia 2.5 hadi 3. Hata hivyo tanuru la kupulizia kioo halizimwi jioni na kuwashwa asubuhi kama jiko la mama lishe. Linahitaji kuwaka mfululizo, na nishati hiyo lazima itoke mahali. Visiwa vya ziwa, Ukara hasa, vina historia ndefu ya uhaba wa kuni, na miti iliyobaki inagombaniwa na majiko ya nyumbani na matanuri ya kubanikia samaki. Kuikata ili kuyeyusha chupa kungeondoa taka moja kwa kuleta hasara kubwa kuliko taka yenyewe. Njia ya Wakrobo ina nafasi zaidi, kwa sababu unga wa kioo katika kalibu hushikana kwa joto la chini sana kuliko la kupulizia, na tanuru dogo huwashwa kwa siku ya kazi tu. Kikundi cha Murangi kinaweza kuanza na shanga za aina hiyo. Lakini shanga hutumia kilo chache za kioo, wakati taka ya mwalo ni ya magunia. Ufundi huo unastahili kupendwa kwa ajira na uzuri wake, bila kudhani kwamba utasafisha ufukwe.

Jibu la kwanza kwa chupa nzima ni lilelile la zamani: irudi. Kiwanda cha vioo cha Kioo Limited kipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Musoma, na nauli ya kupeleka vipande huko ingemeza thamani yake yote kama mzigo ungelipiwa peke yake. Chupa nzima ina thamani zaidi ya uzito wake kwa sababu haihitaji kuyeyushwa. Viwanda vya bia na soda vilivyopo Mwanza huleta bidhaa kwenye mwambao huu kila wiki, na gari lao bado hurudi na nafasi. Kinachohitajika ni amana inayolipwa kwa kila chupa ya kioo inayouzwa kwenye mialo, kikiwamo kichupa cha pombe kali, na muuzaji wa jumla anayewajibika kuipokea. Wenye viwanda watasema amana itapandisha bei na kuwasukuma wateja kwenye plastiki. Hilo litatokea iwapo kioo pekee kitawekewa amana. Plastiki nayo ikiwekewa yake, ushindani utabaki pale ulipo, na mzigo utarudi kwa anayenufaika na chombo kinachotupwa. Tanzania ilishathibitisha tarehe 1 Juni 2019, ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kwamba soko hubadilika haraka sheria ikiwa moja kwa wote.

Vipande ndivyo vinavyohitaji kazi ya hapahapa, na kazi hiyo ni kusaga. Chupa iliyovunjwa na kusagwa hadi kuwa chenga hupoteza ncha zake kali na kuchukua nafasi ndogo sana kuliko chupa nzima. Chenga huweza kuwekwa chini ya vijia, kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya kunyonyea maji, au kuchanganywa katika matofali. Katika zege pana tahadhari inayojulikana kwa wahandisi: vipande vikubwa vya kioo huathiriana na alkali ya saruji na kufanya zege livimbe na kupasuka, ilhali unga laini huleta madhara kidogo na huweza hata kuongeza nguvu. Kwa hiyo chenga zisitumike katika nguzo na mihimili. Kwa matofali ya ukuta wa banda, sakafu na vijia zinatosha. Vumbi lake si la aina iletayo ugonjwa wa mapafu wa wachimba madini, lakini huumiza macho na koo, hivyo kazi ifanywe kwa kulowesha na kwa barakoa. Atakayesema mchanga ni bure ziwani, kwa nini mtu asage kioo, asahau kidogo mchanga. Faida kuu ya kusaga ni kuondoa kioo chini ya miguu na kwenye vianikio vya dagaa. Tofali ni njia ya kulipia sehemu ya gharama hiyo.

Nani atasimamia? Hapa kuna pingamizi la mwisho, na ni la haki: serikali za vijiji tayari zina majukumu mengi na fedha kidogo. Lakini mwambao una chombo ambacho miji haina. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mialo mingi ina BMU, vikundi vya jamii vya kusimamia rasilimali za uvuvi, vyenye viongozi wanaojulikana, daftari la wavuvi na desturi ya kutoza ada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu. Ada ndogo kwa kila mtumbwi, ikiungana na amana ambazo hazikudaiwa, inaweza kumlipa mtu wa kupokea vipande kwa kilo katika kila mwalo mkubwa. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshaonyesha kwamba mfumo huu unawezekana: hakuna kipande cha bati wala nanga iliyovunjika kinachobaki ufukweni, kwa sababu kuna mizani na pesa taslimu mwisho wa safari. Kioo hakina bei ya chuma, kwa hiyo tofauti itabidi ilipwe na waliokiuza, na kiasi hicho kwa chupa moja ni kidogo mno kuliko matibabu ya kidonda cha mguu wa mvuvi.

Kwa karibu miaka 200 kioo kimefika Majita kikiwa shanga, chemli, chupa ya dawa, kreti na kichupa cha pombe. Katika nyakati hizo zote tabia za watu zimebadilika kidogo kuliko bei. Shanga zilitungwa upya kwa sababu zilinunua chakula, na chupa za soda zilirudi kwa sababu zilinunua soda nyingine. Vichupa vya leo vinabaki mchangani kwa sababu havinunui chochote. Halmashauri ya Musoma na za jirani zinazotafuta mradi wa kioo kwa ajili ya visiwa zingefanya vyema kuacha kwa muda bajeti ya tanuru na kuanza na kikao kimoja kati ya BMU, wauzaji wa jumla na viwanda vya Mwanza, chenye ajenda moja: chupa tupu italipiwa shilingi ngapi, na italipiwa wapi. Likishapatikana jibu la swali hilo, mashine ya kusaga itajua ipelekwe mwalo upi, na fundi wa shanga atajua achukue vipande kwa nani.